Naombeni ushauri: kifua cha nyigu kina pingili tatu au nne?

Kabichi_Mgeta: Wakuu, habari. Nasoma diploma ya kilimo, Jumatatu nakabidhi michoro ya vifua vya nyigu, maji moto (wale chungu) na nzi-msumeno (ndugu wa nyigu, si nzi). Kitabu kinasema pingili tatu. Nzi-msumeno zimetoka tatu, nyigu nne! Usingizi sipati. Niandike ngapi?

Babu Kenchi: Nyigu walijenga kwenye kenchi langu. Tulipowafukiza moshi, shemeji alitokea dirishani.

Hadubini: Dogo, kifua ulikitenga na tumbo wapi?

Kabichi_Mgeta: Inahusu nini?

Hadubini: Jibu kwanza.

Kabichi_Mgeta: Kiunoni. Kifua si kinaishia hapo? Halafu nimeshapaka wino.

Hadubini: Ndipo penyewe. Kwa nyigu, nyuki na jamii ya chungu, pingili ya kwanza ya tumbo imeungana na kifua. Inaitwa propodiamu, na kiuno kinafuata nyuma yake. Nzi-msumeno hana kiuno, kwake imebaki tumboni. Hesabu miguu: jozi tatu, pingili tatu. Ya nne haina mguu, ina kitundu cha kupumulia kila ubavu.

Mama Ubao: Wino kabla ya kuuliza! Vijana, walimu wenu mnawaogopea nini?

Sumu ya Panya: Hii chai. Nzi-msumeno kampata wapi huyu? Kakopi mtandaoni.

Kabichi_Mgeta: Nimefuga mabuu meusi ya kwenye kabichi, chupa ina udongo chini. Mmoja kashageuka mdudu mzima, ninaye hapa: mwili rangi ya chungwa, kichwa cheusi. Mgongoni, kwenye pingili ya tatu, ana vibaka viwili vyeupevyeupe vya kunasia mabawa akiyakunja. Nyigu hana.

Hadubini: Sumu, mwache. Vibaka hivyo vya mgongoni mtu hawezi kuvibuni. Dogo, maji moto ni kibarua au malkia?

Kabichi_Mgeta: Kibarua.

Hadubini: Basi usimkopie nyigu. Nyigu pingili ya pili ndiyo kubwa, imebeba misuli ya kurukia. Kibarua haruki, utafiti wa 2014 ulionyesha vibarua wa jamii ya chungu wamekuza pingili ya kwanza, ina misuli mikubwa ya shingo. Ndiyo maana wanabeba mizigo mizito kwa taya.

Kabichi_Mgeta: Sawa, lakini mchoro sifuti. Ya nne naiwekea herufi P, maelezo chini.

Hadubini: Weka. Ila zote nne kwa pamoja usiziite kifua, andika mesosoma.

Kabichi_Mgeta: Hilo darasani hatujafundishwa mkuu. Nitaandika "kifua na P".