Jaji Warioba tulimtuma wenyewe, kazi yake ikatupwa, na bado mnamtukana!

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Kila mada ya Katiba Mpya ikifunguliwa, lazima atokee mtu wa kumwita Jaji Warioba mzee mwenye kinyongo, au msaliti wa chama. Hivi mnamjua mnayemtukana?

Huyu alimaliza sheria Chuo Kikuu Dar es Salaam mwaka 1966, akaanza kazi kama wakili wa serikali. Kufika 1976 ni Mwanasheria Mkuu, baadaye Waziri wa Sheria, na toka 1985 hadi 1990 ni Waziri Mkuu na Makamu wa Kwanza wa Rais. Mwaka 1995 akagombea ubunge Bunda kwa tiketi ya CCM, Wassira wa NCCR-Mageuzi akatangazwa mshindi. Alifanya fujo? Alikwenda mahakamani na matokeo yakatenguliwa. Mwaka 1996 akawa jaji wa Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg, na mwaka huohuo akamkabidhi Mkapa ripoti ya rushwa ambayo haikumung'unya maneno. Ndiyo maana Kikwete alipotafuta mtu wa kuongoza Tume ya Katiba mwaka 2012 alimwita yeye.

Sasa tazameni tulichomlipa. Tume yake ilizunguka Bara na Visiwani, ikasikiliza wakulima, wavuvi, wanafunzi, kila aliyesimama kusema. Tarehe 18 Machi 2014 akaiwasilisha rasimu ya Katiba mbele ya Bunge Maalumu la Katiba, Dodoma: serikali tatu (ya Muungano, ya Tanganyika na ya Zanzibar), mbunge mwisho vipindi vitatu, wapiga kura wawe na uwezo wa kumwondoa mbunge wao, waziri asiwe mbunge. Siku tatu baadaye Rais Kikwete akasimama mbele ya Bunge hilohilo na kuzichambua serikali tatu kwa ubaya. Tume ilikuwa imeshavunjwa, hakuna wa kumjibu! Ukawa, yaani umoja wa vyama vya upinzani, wakatoka bungeni Aprili. Waliobaki wakaondoa serikali tatu, wakaondoa ukomo wa ubunge, wakamwondolea mwananchi nafasi ya kumrudisha mbunge wake nyumbani. Hata uadilifu, uwazi na uwajibikaji vikatolewa kwenye orodha ya tunu za taifa. Nani anachukia neno uadilifu likiandikwa kwenye Katiba? Wabunge walikuwa wanaamua kuhusu viti vyao wenyewe, na sisi tukaambiwa huo ndio uamuzi wa wananchi.

Halafu Ubungo Plaza, tarehe 2 Novemba 2014. Mdahalo wa Taasisi ya Mwalimu Nyerere, mzee wa miaka 74 anaeleza kwa utaratibu kilichobadilishwa, vijana wanainua mabango, viti vinarushwa, anatolewa ukumbini chini ya ulinzi. Waziri Mkuu mstaafu! Jaji! Nikikumbuka hilo damu inanichemka mpaka leo.

Na kura ya maoni ya wananchi kuhusu Katiba hiyo, iliyopangwa 30 Aprili 2015, ikaahirishwa kwa sababu uandikishaji wa wapiga kura haujakamilika. Basi. Kodi zetu zimekwenda, maoni yetu yapo kwenye makabati.

Mnasema aliyasema hayo kwa sababu anataka madaraka. Madaraka gani ambayo hajawahi kuyashika? Mwenye hoja dhidi ya serikali tatu ailete hapa, ataje na ibara, tubishane mpaka asubuhi. Mwenye tusi kuhusu umri wa mzee atafute uzi mwingine.