Mrejesho: Land Rover ya mzee imepanda kilima cha Bugando

Wakuu, mwezi wa tatu niliuliza kuhusu Land Rover 109 ya marehemu baba, dizeli, iliyolala uani Nyakato, Mwanza: inachemsha, inatoa moshi mweupe, rejeta inaisha maji bila kuvuja popote. Wengi mlisema gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu. Fundi wangu akashikilia ni pampu ya maji, nikamsikiliza yeye. Hela ikaenda, moshi ukabaki palepale.

Tulipofungua injini, gasketi imeungua katikati ya silinda mbili na hedi imepinda. Ikapelekwa kusawazishwa kwa mashine.

Kilichonitesa hasa ni kutu. Bodi ni alumini, haina neno. Chesisi, fremu ya chini inayobeba gari, ni chuma, na nilipoigonga kwa nyuma, nyundo ikazama! Mzee alibebea samaki wa Mwaloni Kirumba miaka yote, barafu ikichuruzika humohumo. Tumekata, tumechomelea mabamba mapya, ndani nikapulizia oili chafu.

Jumapili nimepanda nayo Bugando, mshale wa joto haukuvuka nusu. Breki bado inavuta kushoto, na mama kagoma kupanda mpaka nibadilishe viti.