Binti yangu asiyeona anataka kukimbia, shuleni analindishwa masweta. Nifanyeje?

MamaWaTatu:
Habari za muda huu wanajamvi. Huwa nasoma tu, huu ni uzi wangu wa kwanza, mnivumilie.

Binti yangu ana miaka 13. Presha ya macho ilimla polepole, na tangu mwaka juzi anachotambua ni mwanga tu. Kabla ya hapo kwenye mbio alikuwa haambiwi kitu. Darasani anaendelea vizuri, breli ameizoea haraka kuliko nilivyotegemea. Shida ni kipindi cha michezo: wenzake wakiingia uwanjani yeye anakalishwa kivulini, anakabidhiwa masweta na chupa za maji alinde. Nilipomwuliza mwalimu alinijibu kwa upole kabisa, "Mama, akianguka lawama ni za nani?" Baba yake naye yuko upande wa mwalimu.

Juzi mtoto kaniuliza: "Mama, mimi nalinda nini na hata mwizi akija simwoni?" Tukacheka wote, halafu nikaenda kulia chooni.

Nimng'ang'anie mwalimu, au nimtafutie timu ya watoto wasioona? Na kukimbia kwenyewe kunawezekana?

Kamba_Fupi:
Kunawezekana, dada. Mimi ni macho ya kuazima, mwaka wa sita huu namwongoza rafiki yangu kwenye mbio ndefu. Mnashika kamba fupi, kila mtu ncha yake. Kwenye mashindano rasmi haizidi sentimita 30. Mikono iliyoshika kamba inakwenda pamoja, kwa hiyo miguu inakwenda kama mtu na kioo chake: akitoa wa kushoto, wewe unatoa wa kulia. Mwanzoni mtagongana viwiko weee, ni kawaida. Anzeni kwa kutembea, kisha kutembea haraka, kisha mchakamchaka. Mwongozaji lazima awe na mdomo: "kona kushoto", "tuta, hatua tatu", "tunaingia kwenye nyasi". Na asimvute. Kanuni zinakataza, na mwongozaji akitangulia kuvuka mstari wa mwisho matokeo yanafutwa.

Kosa ninaloliona kila mara ni wazazi kuchagua mwongozaji mpole badala ya mwenye pumzi. Henry Wanyoike wa Kenya, Paralimpiki ya Sydney mwaka 2000, mita 5000: mwongozaji wake aliishiwa nguvu, ikabidi asiyeona ndiye amkokote anayeona hadi mwisho. Dhahabu aliipata, lakini yasikukute.

Mtazamaji:
Nitaonekana mbaya, sawa. Mwalimu ana darasa zima na filimbi moja. Mnataka awaache wote amshike mmoja mkono? Mpeleke kwenye timu ya wenzake, huko kuna makocha wanaojua wanachofanya. Mwalimu hana roho mbaya, anaogopa tu.

SikioLaNdani:
@Mtazamaji, anaogopa, kweli. Ila kamba haishikwi na mwalimu, inashikwa na shoga yake wa darasani.

Mimi sioni tangu kuzaliwa. Nililinda masweta miaka yote ya shule ya msingi, ningepewa cheti. Jasho la mchezo nimelijua ukubwani, kwenye goliboli. Mchezo huu ulibuniwa mwaka 1946 kwa ajili ya wanajeshi waliopofuka vitani. Watatu kwa watatu, mpira wa kilo 1.25 wenye njuga ndani unarushwa chini chini, nanyi mnajitupa sakafuni kuuzuia kwa mwili mzima. Mistari imepitishiwa kamba chini ya utepe, unaipapasa kwa vidole ujue uko wapi. Mashabiki kimya mpaka goli liingie. Na wachezaji wote wanafunikwa macho, hata mwenye uoni kidogo. Kwa hiyo shuleni wanaoona nao wanaweza kucheza, na nawaahidi wataomba poo.

Timu au darasa? Mbona mnamchagulisha? Kwenye timu nilipata watu wa kunifundisha na, raha zaidi, watu wa kunifunga bila kunionea huruma. Lakini soga za darasani zinazaliwa uwanjani. Aliyekuwa kivulini na masweta anazisikia tu zikipita.

Filimbi_Mbili:
Mimi mwalimu wa michezo, na lile swali la lawama nimewahi kuliuliza mwenyewe. Mama, anza kwa daktari wa macho. Kuna hali za macho ambazo pigo la kichwani au mtikisiko mkali unaweza kuzidisha madhara, hasa kama alishafanyiwa upasuaji. Omba aandike kipi ruksa na kipi marufuku. Karatasi hiyo mpe mwalimu; hofu yake itapata pa kushika.

Vifaa visiwatishe. Mpira ukiufunga ndani ya mfuko wa nailoni unachakarisha, anausikia unakotokea. Kwenye mbio, mtu asimame mwisho akipiga makofi, yeye afuate sauti. Kabla ya kipindi, azungushwe uwanja mzima taratibu, aguse nguzo za goli, ajue mfereji uko wapi. Ninachokichukia ni ile "siku maalumu": picha, makofi, anaachiwa ashinde, kesho yake anarudi kwenye masweta. Watoto wanajua wakiachiwa.

Mwalimu akikaza, mwelekeze Ibara ya 30 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006. Inataja michezo ya watoto, na shuleni imo. Ila tangulia na karatasi ya daktari. Sheria iwe mfukoni.

Mtazamaji:
Hapo kwenye karatasi nimeelewa.

MamaWaTatu:
Narudi na mrejesho, wiki tatu zimepita. Daktari karuhusu mbio, kakataza michezo ya kugongana, kwa hiyo goliboli hapana kwa sasa (@SikioLaNdani, kanuna kweli kweli). Mwalimu kaisoma karatasi mara mbili, kakubali tujaribu na rafiki yake mmoja.

Baba yake akasema kabla ya mtoto wa watu kushika hiyo kamba, ataishika yeye kwanza aone hatari iko wapi. Jumamosi wakatoka, ni kamba ya kiatu tu. Mzunguko wa kwanza walitembea. Wa pili walikimbia. Wa tatu nikasikia sauti ya mtoto kutoka ng'ambo ya uwanja: "Baba, si ulisema unanilinda? Mbona unanichelewesha?"

@Kamba_Fupi, huyo mwenye pumzi anapatikanaje?