Mnaondoa PHP kimyakimya, kazi za cron zinakufa, halafu tiketi za malalamiko mnafunga!

Yakhe, tumechoka. Kampuni ya seva inaing'oa PHP 7.4, toleo la zamani la lugha inayoendesha tovuti zetu, bila hata barua pepe ya mistari miwili. Tovuti yenyewe inafunguka vizuri kwa sababu paneli imeihamishia toleo la 8.2. Basi mtu wa huduma kwa wateja anaifungua, anaona picha za hoteli zinang'aa, anajibu "kwetu hakuna shida". Kumbe kazi za cron, yaani amri ambazo seva huziendesha yenyewe saa iliyopangwa, zimekufa: malipo ya M-Pesa hayajalinganishwa na oda, nakala rudufu hazichukuliwi, na huko Nyali wageni wawili wameuziwa chumba kimoja.

Kwenye cPanel, paneli ya kusimamia tovuti, tazameni mstari kama huu:

0 2 * * * /opt/cpanel/ea-php74/root/usr/bin/php /home/duka/linganisha.php >/dev/null 2>&1

Njia ya ea-php74 haipo tena. Cron iko hai, saa ikifika inaita, programu haipatikani, basi. Na ujumbe wa kosa umetupwa /dev/null, shimo lisilohifadhi kitu, nani atajua? Sijui nani aliwazoesha watu kumalizia kila mstari hivyo.

Badala yake weka >> /home/duka/logi/cron.log 2>&1. Folda ya logi (kumbukumbu za kilichotokea) iwepo kwanza, maana isipokuwepo skripti, hiyo linganisha.php, haianzi kabisa. Kisha endesha amri hiyohiyo kwa mkono, na njia yake kamili. Usiandike php peke yake ukaridhika: PATH ya cron, orodha ya folda inakotafuta programu, ni fupi, mara nyingi /usr/bin:/bin tu, kwa hiyo kinachokubali kwenye SSH, ukiingia seva mwenyewe, si lazima kikubali usiku.

Ikijibu "No such file or directory", weka ea-php82. Ikilalamikia create_function() au each(), cron haina kosa. Hizo ziliondolewa PHP 8.0, rekebisha skripti.

Na saa! Seva nyingi ziko kwenye UTC, saa ya kimataifa iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu. Hiyo 0 2, yaani 02:00 ya seva, kwetu Mombasa ni saa kumi na moja alfajiri. Ukitaka saa nane usiku andika 0 23 (23:00), lakini angalia: kwa seva bado ni tarehe ya jana, na ripoti ya "jana" itakuletea juzi.

Wenye VPS (seva ya kukodi unayoisimamia mwenyewe) ya Ubuntu, andikeni grep CRON /var/log/syslog. Ukiona CMD, cron imeshaita, kosa litafute kwenye amri yenyewe au kwenye skripti. Ukiona "Authentication token is no longer valid", nywila ya mtumiaji imepitwa na muda; kagua kwa chage -l.

Sasa nyinyi wenye seva. Kabla ya kung'oa toleo, mkiwa root (msimamizi mkuu wa seva):

grep -rl ea-php74 /var/spool/cron

Inawapa orodha ya wateja ambao cron zao zinaitaja ea-php74. Amri moja! Iliwashinda nini?