Tupeane uzoefu: mpishi wa nyumba ndo mgonjwa wa saratani, mnakulaje wiki ya dripu?

Mleta mada (Dar)
Habari zenu jamani. Natibiwa saratani ya titi, niko kwenye dripu za dawa ya saratani (kemo) kila baada ya wiki tatu. Sijaja kuuliza dawa, hayo nina daktari wangu, nataka tuongelee jikoni maana kliniki foleni ni ndefu na hakuna wa kukaa na wewe muongelee sufuria. Mimi ndo nilikuwa napika kila kitu hapa nyumbani na watoto bado wanasoma.

Nianze mimi. Siku ya dripu na kesho yake huwa niko vizuri kabisa, yaani natamani hata kufua mapazia. Nesi akanielewesha kwamba ile ni dexamethasone wanayonipa kuzuia kutapika, inachangamsha na usingizi inaufukuza, ikiisha mwilini ndo unaanguka. Na kweli siku ya tatu na ya nne hata kunyanyua kikombe ni kazi, na sio uchovu wa kusema nilale niamke nimepona, unalala mchana kutwa unaamka vilevile. Watu wanadhani uvivu. Sasa zile siku za nguvu za kuazima sifui mapazia, nachemsha maharage mengi, nagawa kwenye vikopo naweka friza bila kuunga. Kuunga anaunga binti yangu mimi nikiwa chumbani mlango umefungwa na feni inawaka, maana harufu ya kitunguu kwenye mafuta ya moto ndo inanimaliza kuliko dripu yenyewe. Wenzangu mnafanyaje?

Mume wa Moshi
Pole sana dada. Mi mgonjwa ni mke wangu, anatibiwa hospitali ya KCMC hapa Moshi. Kabla ya hapo jikoni kwangu ni kuchemsha chai na kukaanga mayai basi. Kilichotuokoa ni mtori, wachaga wenzangu mnaujua, ndizi na nyama unachemsha mpaka zinalainika halafu unaponda. Kwetu anapewa mzazi aliyetoka kujifungua, na mama mkwe alipoona binti yake hali kitu akasema huyu naye mpikieni kama mzazi tu. Kikombe kidogo asubuhi, kingine saa nne, kingine mchana. Ukimwekea sahani imejaa anaiangalia tu anageukia ukutani.

Ila kuna kipindi nyama ikaanza kumkataa, anasema ina ladha ya chuma. Nikawa namchemshia mayai, na maziwa mgando, na akila anatumia kijiko cha plastiki, tukaona ile ladha ya chuma imepungua. Nikamwekea na limao kidogo kwenye supu. Mdomo ukiwa na vidonda lakini limao hapana, itamuunguza, hapo ni kusukutua na maji ya uvuguvugu yenye chumvi halafu chakula kiwe laini na kisiwe cha moto sana.

Kanda ya Ziwa
Nyie hamjataja wageni!! Mi naishi Mwanza, na kilichonichosha kipindi cha matibabu sio dripu, ni kuja kuonwa. Mtu anatoka mbali amekuja kukupa pole, sasa utamwacha akae mkavu? Mgonjwa unatoka kitandani unabandika chai. Wanakuja watano, wanakaa mpaka jua linazama, wanasimulia fulani naye alikuwa na ugonjwa kama wako akafa, halafu wanaomba maji ya kunywa ya baridi. Wakiondoka vyombo vimejaa kwenye karo na wewe huwezi kusimama. Kuna mjomba wangu alileta kuku HAI, wawili, akawafunga mguu wa meza akasema mgonjwa anywe supu. Nashukuru, ila nani achinje, nani anyonyoe?

Dada yangu mkubwa ndo akavunja ukimya kwenye grupu la ukoo la wasapu, akaandika bila kupepesa kwamba anayekuja aje na chakula kilichopikwa kwenye chombo cha kuacha, aje baada ya saa kumi, asizidishe nusu saa, na mwenye mafua abaki kwake atume ya mboga kwa simu. Wapo walionuna. Shangazi mmoja hakukanyaga kabisa. Lakini wale wa jumuiya ndogondogo kanisani wakaelewa haraka kuliko ndugu, wakapangiana zamu, leo huyu analeta wali na samaki, kesho yule anakuja kuosha vyombo na kuchota maji. Kuosha vyombo jamani ni zawadi kubwa kuliko kuku.

Mkaazi wa Unguja
Assalaam alaykum. Mie nilikuwa na saratani ya shingo ya kizazi, nikavuka boti kwenda Ocean Road, hospitali ya saratani ya Dar, kwa mionzi, Jumatatu mpaka Ijumaa kwa muda wa wiki tano, na dripu mara moja kwa wiki. Wa mionzi nawaambia, uchovu wake hauji kwa kishindo, unajikusanya. Mwanzo nilikuwa natembea mwenyewe mpaka kituo cha daladala, mwishoni nashikwa mkono. Na ukimaliza usidhani kesho yake umepona, uliendelea kunikalia wiki kadhaa baadae ndio ukaanza kuniachia.

Dada wa maharage, kwako sawa, ila mwenye mionzi ya tumbo la chini asiige. Mie yalinifanya niharishe vibaya, na mboga za majani nazo, tukaambiwa tuziache kwanza mpaka tumbo litulie. Nikawa nala wali mweupe, viazi, ndizi mbivu, samaki wa kuchemsha, na maji na ORS kwa wingi. Na nilikuwa nimefikia kwa mawifi zangu, ikaingia Ramadhani. Kufunga nimesamehewa, mgonjwa ana ruhusa, lakini kukaa kitako wenzio wamefunga wanakuna nazi za futari ilinitia haya sana. Nikamwambia wifi nipe mihogo niimenye hapa hapa kitandani, akanipa sinia na kisu. Nusu namenya nusu nalala.

Bibi wa uji
Ongezeni uji humu. Ila uji wa ulezi na sukari peke yake haushikilii, tieni karanga za kusaga na maziwa, ukishaiva piga yai utie uchemke nao mpaka liive kabisa. Karanga ziwe kavu safi, zenye ukungu au uchungu tupeni. Chupa ya chai ikae pembeni ya kitanda, akiamka usiku anajimiminia mwenyewe.

Nesi zamu ya usiku
Nimesoma yote, mnanifurahisha. Niongeze ya kwangu ya wodini. Kwanza uchovu mtaje kliniki, msikae nao kimya mkidhani ndo matibabu yalivyo. Wakati mwingine ni damu imeshuka na inapimwa, na juisi ya bitiruti haichukui nafasi ya kipimo. Pili, kwa dripu nyingi, kati ya siku ya saba na ya kumi na nne chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na vijidudu, zinakuwa chini, kipindi hicho kachumbari, mayai yasiyoiva na maziwa mabichi weka pembeni. Joto likifika 38 usisubiri asubuhi, nenda hospitali usiku huo huo. Tatu, majani ya stafeli na mlonge mnaoletewa na majirani muonyesheni daktari kabla, mengine yanagongana na dawa. Nne, mnaopewa dawa ya dripu inayoitwa oxaliplatin msiguse friji wala maji baridi siku za mwanzo, vidole vinachoma kama umeshika umeme, mtoto akutolee. Na tembeeni kidogo hata kuzunguka nyumba, najua inaonekana kichekesho kumwambia aliyechoka atembee, lakini inasaidia kweli kuliko kulala siku nzima.

Kijana wa Eldoret
Mimi ni wa Kenya, mamangu alitibiwa hapa Eldoret. Sisi tulimtoa jikoni kabisa, tukasema mum pumzika, dada zangu wakashika kila kitu, githeri (mahindi na maharagwe) inapikwa na presha kuka, sukuma inakatwa sokoni. Chama chake wakaleta lunch kwa zamu. Lakini mum akawa ananyamaza tu, hata TV haangalii. Siku moja akasema nyinyi mmeshanizika. Tukamwekea stuli karibu na meko, achague maharagwe, aseme chumvi imetosha ama bado, akichoka anarudi kwa kiti. Hapo akaanza hata kula zaidi.

Mleta mada (Dar)
Wa Eldoret umenigusa. Ila mi chumvi siwezi kuonja, kila kitu naona hakina, nikionja mimi watoto wanakunywa maji usiku kucha. Mtoto wa mwisho ndo amepewa cheo cha kuonja, na anaringa nacho.

Mgeni humu
Samahani nauliza, mi nimeanza dripu juzi na mume wangu hali kiporo wala cha mtu mwingine, anataka ugali wa moto kila jioni na nausonga mimi. Mikono inatetemeka. Nifanyeje?

Mume wa Moshi
Asonge yeye. Sio matusi, naongea kama mwanaume mwenzake. Kaa kwenye kiti mlangoni umuelekeze, maji yachemke kwanza, akoroge uji kidogo, uive, ndo aanze kutia unga huku anasonga. Wiki ya kwanza utakuwa na mabonge, mle hivyohivyo, asilalamike maana kapika mwenyewe. Mboga nunueni kwa mama ntilie mnayemwamini, ile iliyotoka jikoni muda huo. Na kama hawezi kabisa aje humu humu aulize, tutamfundisha.