Ndoo ya kisima si beseni la kuoshea pampu! (mnamjua, simtaji)

Mwana_Uani

Naandika mikono yatetemeka, na si baridi, Lamu hatuna baridi. Mnamjua. Simtaji. Yule mwenye miembe mitano na kelele za miembe elfu.

Leo asubuhi natoka uani namkuta karudi shamba, pampu ya kupulizia dawa mgongoni. Nikadhani apita zake. Wapi! Kaivuta ndoo ya kisima, ile ya kamba tunayotekea nyumba nne, kaimiminia mabaki ya pampu, kasuuza, kakoroga, maji yakawa meupe kama kasimele. Akayamwaga pale pale ukingoni, penye ule ufa tunaoahidiana kuuziba tangu Idi. Halafu, jamani, halafu AKAISHUSHA NDOO ILE ILE KISIMANI. Ile ile! Tui bado linachuruzika!

Nikamwambia kwa adabu zote nilizolelewa nazo, "Ami, hiyo si ni sumu?" Akanitazama kama mtoto aliyekojoa msikitini. Akasema: "Mai ni mai tu, bibiye. Kisima hiki nakinywa tangu babako hajaoa."

Babangu hajaoa! Mimi namuuliza sumu, yeye ananiletea harusi.

Mimi nimeduwaa pale, kumbe kijana wangu nyuma yangu ashateka mbili kamimina kwenye birika la chooni. Wale samaki wetu wawili wa kula viluwiluwi vya mbu, ambao hawajawahi kuugua hata mafua, kufika adhuhuri matumbo juu. Sasa hivi mbu wako birikani wanapiga vigelegele.

Na asije mtu hapa kuniambia nichemshe. Kuchemsha kunaua vijidudu. Dawa ya wadudu haiogopi sufuria. Maji yatapungua, yenyewe itakusubiri kikombeni. Dawa ya kutibu maji nayo haiiondoi. Nimemwaga birauli nzima ya chai ya tangawizi. Chai, jamani!

Ndoo ILE ILE.

Mkaa_Barazani

Pole kwa msiba. Mazishi saa ngapi, na khitma ni kwa marehemu wote wawili au kila mmoja na yake?

Bint_Langoni

Namjuaaa! Si ndiye yule aliyemwogesha punda kwenye kisima cha nyuma ya msikiti? Punda naye akaona aache ukumbusho.

Gadeni_Damu

Huyo wa punda ni mwingine, dada. Huyu wa pampu ana kanzu ya kijivu na hasalimii.

Bint_Langoni

Wa kwetu pia hasalimii.

Mwana_Uani

Nyote mnamjua, basi. Mji umeingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2001, kisima chetu kimeingia kasimele. Nikifumba macho naiona ile ndoo inashuka. Polepole. Kamba inalia.

Fundi_Chokaa

Pampu husuuzwa huko huko shambani, mara tatu, na yale maji ya kusuuzia wayapulizia miembe ile ile uliyokuwa ukiipulizia. Hayamwagwi kisimani, hayamwagwi mferejini. Chupa tupu ya dawa nayo waitoboa, isije ikatiwa mafuta ya taa au, Mungu apishe mbali, maji ya kunywa. Hicho kisima msikinywe mpaka maji yapimwe, na hiyo ndoo pamoja na kamba yake viondoeni, kamba inanyonya. Ufa nao uzibeni, na ukingo uinueni, pembeni pasakafiwe ili maji yanayomwagika yakimbie nje. Mfuko mmoja wa simiti watosha kuanzia.

Lakini dada, mimi si nilikuja kwenu kutengeneza dari? Kile choo chenu kipya cha shimo kiko hatua ngapi na hicho kisima?

Mwana_Uani

Hilo si la uzi huu.

Fundi_Chokaa

Kumi na moja. Nilizihesabu nikingoja chai. Wanaojua wanasema angalau mita 30.

Mkaa_Barazani

Kwa hivyo samaki hawakufa kwa dawa. Wamekufa kwa aibu.

Mwana_Uani

Mita 30 kwa mtaa wetu ni nyumba tatu za watu na nusu ya msikiti! Nikachimbe choo kwa imamu? Na choo changu hakijashusha ndoo ile ile kisimani!

Fundi_Chokaa

Choo hakihitaji ndoo. Chenyewe chashuka chini kwa chini.

Gadeni_Damu

Uwiiii 😂😂

Nahodha_Mstaafu

Wanangu, mwalilia samaki wa birika na huku adui ni mota. Jirani yangu avuta maji kuanzia isha hadi alfajiri, ana wageni wa kulala. Maji matamu ya kisiwa hiki yamelala juu ya maji ya chumvi, mtu akivuta kwa pupa chumvi yapanda. Kahawa yangu siku hizi yaonja kama tezi la jahazi. Kwa kata na ndoo hatukuwahi kuona hayo.

Shela_Juu

Na ile michanga yetu? Mvua yazama mchangani Shela, ndiyo hayo mnayokunywa mjini. Watu wanaijengea majumba yenye bwawa la kuogelea, hakuna aliyefungua uzi. Wamekufa samaki wawili, mtandao umezima.

Mwana_Uani

Fungua wako, ami. Huu ni wa ndoo.

Msafiri_Malindi

Nyie mna kisima mnagombana. Huku Malindi twangoja maji ya bomba kutoka Baricho. Bomba likipasuka twaoga kwa dua, na mwenye mkokoteni wa mitungi apandisha bei kabla hata hujakauka sabuni usoni. Juzi nimemlipa, mtungi una harufu ya petroli. Namuuliza, aniambia ni harufu ya mtungi, si ya maji.

Gadeni_Damu

Huyo na wetu wa "mai ni mai" ni ndugu.

Nahodha_Mstaafu

Mtungi uliozoea petroli unanuka hadi kiama. Sisi tulikuwa na majabia, mvua ikinyesha tunajaza, tunafunika. Vijana wa leo jabia wameligeuza ghala la viti vya harusi.

Bint_Langoni

Samahanini nawakatiza. Kuna punda mlangoni kwangu anakula khanga zangu kambani. Ni wa nani?

Mkaa_Barazani

Ana alama gani?

Bint_Langoni

Sikio la kushoto lina pengo. Na ashakunya kwenye mfereji.

Mwana_Uani

Jamani, turudini kwenye ndoo. Aliishusha ile ile, mbele ya macho yangu, halafu akaniambia babangu...

Bint_Langoni

Ngoja kwanza, somo, amefika khanga ya pili. Ile ya Mombasa!