Naomba ushauri: chuma kilichonyooka au kilichopinda?

Habari zenu wakuu. Nina miezi 8 kwenye mazoezi ya kujivuta kwenye bomba na kukunja mikono kwa chuma, vyote vilivyonyooka. Wiki 3 hizi, nikikunja mikono viganja vikitazama juu, kifundo cha mkono wa kulia kinachoma upande wa kidole kidogo, hasa chuma kinapokaribia kifua. Nikijivuta, kinachouma ni kiwiko, upande wa ndani.

Nimeshusha uzito kutoka kilo 30 hadi 20, nikapumzika siku 6. Nafuu ni kidogo mno. Juzi nimeshika chuma kilichopinda, kile ambacho viganja vinalala mshazari: kifundo hakikuuma kabisa! Ila mzigo niliusikia zaidi kwenye kigasha kuliko kwenye baisepsi (misuli ya mbele ya mkono, juu ya kiwiko), na ndizo nilizozihangaikia muda wote huu.

Je, nikihamia moja kwa moja kwenye kilichopinda, baisepsi zitasinyaa au tofauti ni ndogo? Na kwa kujivuta, bomba lenye ncha zilizoinama linakipa kiwiko unafuu, au bora nishike viganja vikitazamana? Aliyewahi kupitia hali hii anisaidie tafadhali.